Al-Khayamiya: Mtaa wa Washona Mahema wa Kairo

Neno letu "hema" tumelipata kwa Waarabu, nao husema khaima. Mshona mahema kwao ni khayami, na mtaa wa mafundi hao mjini Kairo huitwa Al-Khayamiya. Mtu akitoka Msikiti wa Al-Azhar, ambako vijana wetu wengi wa Afrika Mashariki wamesoma na wanaendelea kusoma, hufika huko kwa miguu kabla hajaanza kuchoka. Hupita kwenye majengo ya Sultani Al-Ghuri, akaingia katika soko la vitambaa, akafuata njia ya Al-Muizz kuelekea kusini mpaka aione minara miwili juu ya lango la mawe. Lango hilo ni Bab Zuwayla, lililojengwa mwaka 1092 katika zama za Wafatimi. Minara ni ya baadaye sana. Ni ya msikiti wa Sultani Al-Muayyad, uliojengwa mwanzoni mwa karne ya 15, na wajenzi wake waliisimamisha juu ya ngome za lango zilizokuwapo tayari.

Kabla ya kulivuka lango ipo sabili ya maji, na juu yake chumba kilichokuwa chuo cha watoto, vilivyojengwa mwaka 1796 kwa mali ya mwanamke, Bibi Nafisa Al-Bayda. Nalitaja jengo hili kwa ajili ya mabinti zetu wanaousoma ukurasa huu, kwa kuwa wageni wengi hulipita mbio wakiwahi kupiga picha za minara.

Nje ya lango upo msikiti wa As-Salih Talai wa mwaka 1160, ulioinuliwa juu ya safu ya maduka, na hatua chache mbele yake mtaa unaingia chini ya paa la mbao. Sehemu hiyo iliyofunikwa iliachwa na Amiri Radwan Bey, aliyeijenga katikati ya karne ya 17, naye alikuwa kwa miaka mingi amiri wa msafara wa Hija wa Misri. Chini ni maduka, juu ni makazi. Wakati jua la Kairo limewaka hasa, humo ndani mna kivuli, na mwanga unashuka kwa vipande kutoka kwenye matundu ya paa.

Ukifikiri msafara wa Hija ulivyokuwa, utaelewa kwa nini mji huu ulihitaji washona mahema wengi. Maelfu ya watu walitoka Kairo kwenda Makka kwa nchi kavu, safari ya zaidi ya mwezi kwa ngamia, na njiani walipiga kambi jangwani. Hema la amiri halikuwa kama hema la mchunga ngamia. Kwa nje lilikuwa turubai tupu, lakini kwa ndani kuta zake zilijaa nyota, maua na maandishi ya vitambaa vya rangi vilivyoshonewa juu ya turubai. Desturi hiyo haikwisha na ngamia. Mpaka katika kizazi cha babu zetu, familia ya Kairo iliyokuwa na harusi au matanga ilifunga mtaa kwa hema la namna hiyo, wageni wakakaa kati ya kuta za nakshi.

Mtaani utasikia ikisemwa kwamba Kiswa ya Al-Kaaba ilishonwa hapa. Ni kweli kwamba kwa karne nyingi Kiswa ilitoka Misri, na ilikoma kutoka huko mwanzoni mwa miaka ya 1960. Lakini kazi ile ya hariri na nyuzi za fedha ilikuwa na nyumba yake maalumu, Dar al-Kiswa, katika mtaa wa Al-Khurunfish. Fahari ya Al-Khayamiya ni turubai na pamba, nayo inatosha.

Tulikwenda huko watu watatu. Mwenye haja hasa alikuwa wifi yangu, aishiye Columbus, Ohio, kwa miaka mingi sasa. Huko alifundishwa na majirani zake, akina bibi wa Kimarekani, kushona mifarishi ya viraka, yaani vipande vidogo vya vitambaa vinavyoungwa kimoja kwa kimoja mpaka vikawa shuka nzima, kisha vikatiwa pamba katikati na kitambaa kingine chini. Mama yake, ambaye ni mama mkwe wangu, alipofariki aliacha sanduku la khanga. Wifi alichukua khanga saba, akazihifadhi, na sasa binti yake alikuwa ameposwa. Alitaka khanga za bibi ziwe mfarishi wa mjukuu, na katikati yake iwe nyota ya Kiislamu iliyochorwa na mtu anayejua kuichora. Khanga hizo hazipatikani tena dukani. Kipande kitakachokatwa vibaya hakina mwenzake.

Wa tatu alikuwa mtoto wa dada yangu, mwanafunzi wa Al-Azhar, ambaye ndiye aliyekuwa ulimi wetu.

Duka tuliloingia lina upana wa mikono miwili iliyonyooshwa. Fundi hukaa juu ya jukwaa la mbao, miguu ameikunja, kazi iko mapajani, subana kidoleni, na mkasi mkubwa, wa kufaa kukatia zulia, uko karibu na goti. Kwa mkasi huohuo hukata petali ya ua isiyozidi ukucha. Washonaji wote tuliowaona katika mtaa ule walikuwa wanaume. Wapo pia wanawake wanaoshona, lakini wao kazi hupelekewa majumbani.

"Karibu, Hajjat," fundi alimwambia wifi, naye kijana wetu akamjibu kwa neno ambalo Wamisri humwitia fundi, usta, ambalo ni ndugu wa "ustadi" wetu.

Wifi alimwomba atuoneshe kazi inapoanzia. Fundi hakuchukua kitambaa. Alitoa karatasi ya kaki, ile nene ya kufungia mizigo, akaikunja kati, akaikunja tena, kisha mara ya tatu kwa mshazari, ikawa kama pembe ya sambusa. Juu ya pembe hiyo alichora kwa penseli sehemu ya nane tu ya nyota. Kisha akachukua sindano, akatoboa matundu kufuata mistari, matundu yaliyokaribiana sana, sindano ikipenya tabaka zote nane kwa pamoja. Alipoikunjua, nyota nzima ilikuwa mbele yetu kwa vitobo, kila upande sawa na wenzake. Mistari yake ya penseli ilikuwa imepinda kidogo mahali pamoja. Kwa kuwa kupinda huko kulirudiwa mara nane, hakukuonekana kama kosa. Kulionekana kama umbo la nyota.

Akaitandika karatasi juu ya turubai, akachovya kitambaa kilichofungwa kama kifundo katika vumbi la mkaa, akasugua. Vumbi likapita kwenye vitobo. Alipoinua karatasi, turubai ilikuwa na nyota ya nukta nyeusi. Kwa turubai ya rangi nzito hutumia unga mweupe. Nukta hizo hufutika kwa pumzi, kwa hiyo papo hapo alizipitia kwa penseli. Karatasi ikakunjwa, ikarudi rafuni kwenye tita la karatasi nyingine, baadhi zimekuwa za rangi ya chai kwa uzee.

Baada ya hapo ndipo vitambaa hukatwa. Fundi hapimi kipande kwa rula. Hukata kwa jicho, kikubwa kidogo kuliko nafasi yake, akakiweka juu ya mstari wa penseli, akausukuma ukingo wake ndani kwa ncha ya sindano huku akishona, mshono mmoja baada ya mwingine, karibu kuliko macho yangu yalivyoweza kuhesabu. Ziada ikimsumbua anaipunguza kwa mkasi palepale. Anayetazama kwa mara ya kwanza hudhani ni uzembe mpaka ua linapokamilika.

Wifi naye alifungua mkoba. Alikuwa amechukua kutoka Ohio kipande cha karatasi ambayo Wamarekani hufungia nyama ya kuweka katika friza. Upande mmoja ni karatasi ya kawaida. Upande wa pili umepakwa plastiki nyembamba inayong'aa, ili nyama isikauke kwa baridi. Akina bibi wa kushona waligundua kwamba upande ule unaong'aa, ukipigwa pasi kavu juu ya pamba, hushika, na baadaye hubanduka bila kuacha gundi wala doa. Mtu huchora umbo upande usiong'aa, kwa ukubwa uleule litakalokuwa nalo baada ya kushonwa, akalikata, akalipiga pasi upande wa nyuma wa kitambaa, kisha akakata kitambaa akiacha ziada ya milimita 6 kuzunguka karatasi. Vipande viwili hulazwa uso kwa uso, pini ikapenya pembe kwa pembe ili zikutane, na sindano ya cherehani ikapita kandokando ya karatasi bila kuitoboa. Karatasi hubanduliwa, ikatumika tena mara kadhaa kabla ya kuchoka. Lenye kutaka hadhari ni moja: kwa kuwa karatasi hukaa nyuma ya kitambaa, umbo lisilo sawa pande zote litatokea limegeuzwa kama katika kioo, hivyo lichorwe kinyume.

Kijana wetu alipata taabu kulitafsiri hilo. Fundi alisikiliza, akaishika karatasi, akaipapasa pande zote mbili, akauliza swali moja tu: "Na kitambaa kilichokatwa mshazari, kinatulia?"

Ndilo swali la mtu aujuaye ushonaji. Kitambaa kikikatwa kufuata nyuzi zake hutulia. Kikikatwa mshazari huvutika kama mpira, na khanga kwa wepesi wake huvutika zaidi. Nyota yenye ncha nane imetokana na vipande vinane vya umbo la almasi, na kila kimoja kina kingo za mshazari. Wifi akamjibu kwamba hiyo hasa ndiyo faida ya karatasi: maadamu imeganda, kitambaa hakina ruhusa ya kuvutika.

Hapa ni pa kukaa kidogo, kwa sababu watu wengi hudhani kushona viraka ni subira tu. Ni hesabu. Vipande vinane vinakutana kitovuni mwa nyota. Kila kimoja kina pembe ya nyuzi 45, na nane zikijumlishwa huwa 360, mduara kamili. Mshonaji akikosea nyuzi moja tu kwa kila kipande, ikawa 46, jumla ni 368, na kingo za nyota zitakunjana kama mawimbi. Zikiwa 44, jumla ni 352. Kitambaa kitabaki na mwanya, au kikivutwa kuufunika, nyota itainuka katikati kama kofia. Mishono nayo ni vivyo hivyo. Mshono mmoja ukila milimita 2 zaidi, hakuna atakayeona. Safu yenye mishono kumi ikila kiasi hicho itapungua sentimita 2, na haitalingana na safu ya jirani yake. Katika kazi ya kuunga, kila kipande hupokea kosa la kipande kilichotangulia, akaliongezea lake, akalipitisha mbele.

Kazi ya fundi wa Kairo haina urithi huo. Kila kipande chake kinaitikia mstari uliochorwa kwenye turubai, si ukingo wa jirani. Ua la kona hii likipotoka, ua la kona ile halijui. Ndiyo maana anaweza kukata kwa jicho na Mmarekani hawezi. Na ndiyo maana usahihi wake wote umewekwa mahali pamoja, katika karatasi ya kaki, kabla uzi haujaingia sindanoni. Nilipomwona akikata bila kupima nilifikiri hana haja ya vipimo. Kumbe alikwisha pima.

Kwa akina mama watakaouliza: karatasi hiyo ya nyama haiuzwi katika maduka yetu mengi, lakini karatasi inayofungia rimu ya karatasi za kuchapia, aghalabu, nayo ina plastiki upande mmoja, na wifi huitumia anapoishiwa. Ijaribuni kwanza kwenye kitambaa kisicho na thamani, pasi iwe ya joto la kadiri na bila mvuke.

Tulipokuwa tukizungumza aliingia mnunuzi, akauliza bei ya pazia lililotundikwa, akacheka, akatoka. Duka la tatu kutoka hapo lilikuwa na nakshi zilezile, nyekundu na buluu, zikiuzwa kwa mita kutoka kwenye gombo. Ni kitambaa cha kiwanda, kimepigwa chapa. Mwezi wa Ramadhani mji mzima hupambwa nacho, kuanzia vibanda vya kunde mpaka kumbi za hoteli, na hata mahema ya harusi na matanga siku hizi ni ya chapa. Sina ugomvi na mtu mwenye kipato kidogo anayependa kulipamba lango lake kwa Ramadhani. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayemwambia mgeni kuwa hii ni kazi ya mkono, kwa kuwa huo ni udanganyifu, na udanganyifu sokoni una hukumu yake inayojulikana. Kujikinga ni rahisi: geuza kitambaa. Kazi ya mkono, nyuma yake, imejaa alama za uzi juu ya turubai, mistari mifupi iliyopangana kama nyayo za chungu. Chapa, nyuma yake, ni rangi iliyofifia.

Fundi alisema alifundishwa na baba yake na wanawe hawakutaka. Mmoja anaendesha bajaji na kwa siku hupata fedha ambazo foronya ya mto, kazi ya siku kadhaa, haileti. Hakulalamika, alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. Washonaji, alisema, bado wapo, na kijana mwenye mikono mizuri anaweza kujifunza mshono kwa mwaka mmoja. Wanaopungua ni wale wanaoweza kuikunja karatasi tupu na kuichora. Wengi sasa hushona kwa karatasi walizoachiwa na marehemu.

Wapo waliojitahidi. Jenny Bowker, mshonaji mifarishi wa Australia aliyeishi Kairo mumewe alipokuwa balozi, aliwasaidia mafundi hao kupeleka kazi zao kwenye maonyesho ya nje, na kwa njia hiyo Al-Khayamiya ikajulikana Australia, Uingereza na Marekani. Mwaka 2015 ikatoka filamu ya maisha yao iliyotengenezwa na Kim Beamish, Mwaustralia mwingine. Inafurahisha, na kwangu inatia haya pia, kwamba wanunuzi wanaoijua zaidi thamani ya mshono wa mtaa huu wa Waislamu ni akina bibi wa mbali, huku sisi tunaopita hapo kila mwaka, wanafunzi, mahujaji na wafanyabiashara, tukirudi nyumbani na sanamu za piramidi za plastiki.

Nakshi zenyewe ni za aina nyingi. Kuna za ndege, kuna visa vya Juha na punda wake, ambavyo watoto watavipenda, na kuna picha za mafirauni zinazoshonwa kwa ajili ya watalii. Kuna pia aya za Qur'ani Tukufu kwa hati nzuri sana. Anayezinunua azitundike ukutani. Aya kwenye mto wa kukalia ni jambo ambalo sidhani hata linahitaji fatwa.

Wifi alinunua foronya mbili, kisha akaomba anunue na karatasi ya nyota. Fundi akatikisa kichwa. Kitambaa huuza, karatasi hauzi. Karatasi ndiyo duka. Kijana wetu akaanza kumbembeleza, akimwita amu, na mimi nikamzuia, kwa kuwa mtu ana haki ya kubaki na mtaji wake.

Fundi akaitazama karatasi ya nyama iliyokuwa bado gotini pake. Akaigeuza, upande unaong'aa ukawa chini. Akaitandaza, akaweka juu yake nyota yake ya vitobo, akachovya kifundo katika mkaa, akasugua polepole kuliko alivyosugua turubai. Alipoinua, nukta zilikuwa zimekaa. Akamsukumia wifi penseli, akamwonya asipumue juu yake.

Wifi alichora akiwa amepiga magoti mbele ya jukwaa, mimi nimeshika kona mbili, kijana kona mbili. Ilichukua muda mrefu, na adhana ya Alasiri ikatukuta hapo. Fundi alisubiri mpaka mstari wa mwisho ukafungwa, kisha akashuka, akatafuta viatu vyake. Alisema kupitia kijana kwamba asikate nyota yote. Akate sehemu ya nane moja tu, aitumie mara nane, na kila kipande akiandike namba kabla ya mkasi. Kuhusu khanga, alishauri ile yenye maandishi isikatwe mahali penye jina la mtu wala penye dua.

Usiku ule, katika chumba cha hoteli, wifi aliandika namba kutoka 1 hadi 19 kwa kalamu ya wino, akahesabu khanga mara mbili, na akaacha kukata mpaka atakapofika Ohio, kwenye meza yake na pasi yake.